Viazi vya Mkalimani

Mkalimani hakumwogopa mwenye duka yeyote wa Zhanxi, mtaa wa maduka ya jumla huko Guangzhou, China, lakini aliuogopa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonishangaza kwanza, na mpaka leo bado linanishangaza.

Sisi wafanyabiashara wa bara, watu wa Makambako, Mbeya na Kahama, tulimwita hivyo tu, Mkalimani, kana kwamba Guangzhou nzima haikuwa na mwingine. Walikuwepo wengi, hasa vijana wa vyuoni waliokuja kwa ufadhili na kutafsiri siku za mapumziko. Lakini mgeni akishuka stesheni mara ya kwanza, mikokoteni ya marobota ya nguo ikimkosakosa miguuni na watu wakimpigia kelele apishe, aliambiwa, "Mtafute yule mama wa Uganda. Mfupi, anavaa kofia ya kufumwa hata kwenye joto." Ukimpata, basi, pumzi zinakurudia.

Alikuwa na sheria moja. Ulichosema ndicho alichosema. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nabishana bei ya viatu vya watoto, nikakasirika, nikamwambia, "Mwambie huyu ni mwizi." Yalikuwa maneno ya hasira tu, sikutaka yafike. Yeye akageuka akayafikisha. Nilijua yamefika kwa sababu laoban, yaani bosi mwenye duka, aliacha kutafuna mbegu za alizeti, akasimama.

"Mama, umemwambia kweli?"

"Si umesema nimwambie?"

"Nilikuwa najisemea!"

"Jisemee kimoyomoyo. Mzigo ukiingia kwangu kilo kumi, unatoka kilo kumi. Sipunguzi, siongezi."

Siku hiyo tulifukuzwa dukani. Wapo wateja waliomkimbia kwa tabia hiyo, wakaenda kwa vijana wanaojua kulainisha. Wengi walirudi. Wenye maduka nao walimwamini. Akisema mteja wake ameishia hapo, hawakuendelea kuvutana naye, maana walijua ndivyo mteja alivyosema. Niliwahi kumwona akisimama mbele ya mwenye kiwanda mmoja kule Xintang, mwanamume mzito mwenye sauti kama ya jenereta, aliyetushonea suruali za jinzi zenye miguu isiyolingana halafu akadai hatukumweleza vizuri. Mkalimani alimfika kifuani. Alichukua suruali moja, akaikunja kati, akamwonyesha mguu ulivyopungua, akarudia neno moja la Kichina mara nyingi bila kupandisha sauti, mpaka yule bwana akaita mafundi wake waanze upya. Tulipotoka nje nilimuuliza lile neno maana yake nini.

"Pima," akasema.

Sasa umchukue mama huyo, umfikishe nyumbani kwake jioni, nyuma ya Zhanxi, kwenye jengo la vyumba vya kupanga. Mlango ulikuwa na makufuli matatu na kiti kilichoegemezwa kwa ndani. Mtu akibisha, alizima feni kwanza, ili aliye nje asisikie dalili ya mtu. Siku moja nilikuwa kwake, mleta maji akabisha. Mkalimani alininyamazisha kwa kiganja, akaingia bafuni, akakaa humo gizani. Mleta maji alibisha, akaita, akaacha chupa mlangoni, akaenda zake. Chupa ile ilikaa pale mchana kutwa, na sisi tukabaki na kiu.

"Mama, ni maji tu," nikamwambia.

"Leo ni maji."

Vibali vyake vyote vilikuwa halali, lakini pasipoti aliifunga kiunoni kwa kitambaa hata akipika. Kwenye mkahawa hakukaa kisogo kikielekea mlango. Alipanda ngazi mpaka ghorofani huku magoti yanalia, kwa sababu lifti, alisema, inafunguka bila kukuuliza. Wanaume wa Kahama walimtania. Aliwajibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Chekeni." Nao wakacheka, naye pia akacheka, maana alipenda utani hata ukimhusu mwenyewe.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hata lugha tuliyoongea ilikuwa sehemu ya woga wake. Mimi Kiswahili nimezaliwa nacho, sawa na Kibena. Nilidhani kila mtu anakipenda. Yeye alikipata utotoni kwenye vizuizi vya barabarani, enzi za utawala wa kijeshi kwao. Wanajeshi ndio waliokiongea. Maneno yake ya kwanza ya Kiswahili yalikuwa "fungua," "lala chini," "toa," "nyamaza." Hayo ndiyo aliyoyajua kabla ya kujua maji yanaitwaje.

"Sasa kwa nini ukajifunza zaidi?" nilimuuliza.

"Niliona afadhali nijue wanasema nini wakija."

Baadaye alifanya biashara ndogondogo Busia na Nairobi, akajifunza cha sokoni. Lakini aliniambia kwamba neno "hodi" alilijua kwa watu wa Tanzania akiwa tayari mtu mzima. Mara ya kwanza nilipofika kwake nilisimama nje nikaita, "Hodi, Mama! Hodi humu!" Akakawia sana kufungua. Alipofungua, macho yake yalikuwa mekundu. "Kiswahili chenu kina kuomba ruhusa," akasema. "Tulicholetewa sisi hakikuwa nayo." Toka siku hiyo nilikuwa naita hodi tangu ngazini, ili nikifika mlangoni awe ameshajua ni mimi.

Dini yake nayo aliificha, ingawa hakuwa na haja ya kuificha kwangu. Nilidhani ni Msabato, kwa kuwa Jumamosi hakufanya kazi hata umlipe nini. Kumbe watu wa kwao, kule milimani upande wa Mbale, ni Wayahudi, na wamekuwa hivyo tangu enzi za mababu. Aliponiambia nilitoa macho.

"Wayahudi weusi?"

"Na nyinyi Walutheri, mlianzia Njombe?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi ndogo.

Sikukuu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Hanuka. Mchungaji wetu nyumbani aliwahi kuigusia kwenye mahubiri, akaiita Sikukuu ya Kutabaruku, inayoangukia wakati wa baridi. Mkalimani alinieleza kwa lugha nyepesi. Zamani hekalu lao lilinajisiwa na adui, wakalitwaa tena, wakakuta mafuta safi ya taa ya kutosha siku moja tu, nayo yakawaka siku nane mpaka mengine yakapatikana. Kwa hiyo huwasha taa, kila jioni wakiongeza moja, na hula vitu vilivyokaangwa kwa mafuta. Kwao milimani, alisema, utotoni walikaanga mihogo, na mwaka wa shida waliona heri wakipata hata mandazi makavu. Viazi vilikuja na wageni wa ng'ambo waliofika kusali nao, wakamwonyesha mama yake jinsi ya kuvikuna. Yeye alivipenda kuliko mihogo. Aliviita chapati za viazi, ingawa havina uhusiano na chapati, na vilikuwa vitamu ajabu.

Alivifanya hivi. Viazi mviringo vinamenywa na kukunwa pamoja na kitunguu. Vinawekwa kwenye kitambaa cha pamba na kukamuliwa kwa nguvu zote, maji yanakingwa bakulini. Maji yakitulia unga mweupe unazama chini, unamwaga maji kwa uangalifu, ule unga unaurudisha kwenye viazi. Yai, chumvi, unga wa ngano kidogo. Halafu unachota kwa kijiko, unabandika kwenye mafuta ya moto, unakandamiza ziwe bapa. Zikipata rangi ya asali pembeni unageuza. Nilimshauri atie pilipili manga na binzari. Alinitazama kama nimemtukana, ila siku ya pili niliona ameweka majani ya vitunguu na haongei. Alizila na matofaa yaliyopikwa yakapondeka.

Kuhusu taa kulikuwa na jambo lililomsumbua. Sheria yao inataka taa zile ziwekwe mahali zinapoonekana, dirishani au mlangoni, ili wapitao njia waone muujiza. Lakini sheria hiyohiyo inasema wakati wa hatari, mezani ndani panatosha. Utotoni mwake kusali kwao kulikuwa kumepigwa marufuku. Baba yake aliziwasha ndani ya debe lililolazwa ubavu, mdomo ukielekea ukuta, watoto wamezunguka kuziba mwanga kwa migongo. Guangzhou hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu taa. Hata hivyo aliziweka mezani, pembeni kabisa, na pazia amelivuta mpaka mwisho.

"Hapa kuna hatari gani, Mama?"

"Haijafika bado."

Ilikuja kufika, na ilifika kwa sababu yangu.

Mwaka ule nilikuwa nimempa wakala wa vibali pasipoti yangu aniongezee muda. Wengi walimtumia, hata mimi nilishamtumia kabla. Safari hiyo akaacha kupokea simu. Nikaenda ofisini kwake nikakuta kumefungwa, jirani zake wananiambia "meiyou, meiyou," hayupo, hakuna. Muda wangu ukaisha nikiwa sina hata karatasi ya kuonyesha. Wakati huohuo polisi walikuwa wakipita majengo ya wageni kukagua, jengo baada ya jengo. Hoteli haikupokei bila pasipoti. Rafiki niliyekuwa nakaa naye akaniomba, kwa machozi, niondoke, maana alikuwa na mtoto mchanga.

Sikuthubutu hata kumfikiria Mkalimani. Yeye ndiye aliyenipigia.

"Nimesikia. Njoo kwangu."

"Mama, wewe? Na mlango wako?"

"Njoo kabla sijabadili mawazo."

Nilipofika, nimejifunika mtandio, mkoba mmoja mkononi, nilimuuliza kwa nini anafanya hivi. Alikuwa anapanga viatu vyangu ndani ya kabati la nguo, visionekane mlangoni.

"Mtu akiogopa peke yake hufanya upumbavu," akasema. "Tuogope wawili."

Ndivyo tulivyokaa. Sijawahi kuogopa vile, na nimeshawahi kukaa na mgonjwa mahututi, nimeshawahi kusafiri kwa basi lililopinduka. Woga ule ulikuwa wa aina nyingine, hauishi. Mlio wa lifti ukifika ghorofa yetu nilijikuta nimeshaingia bafuni. Nilijifunza kutembea bila kisigino kugusa sakafu. Alipotoka kwenda kazini nilikaa chini ya usawa wa dirisha, nikihesabu sauti za watu wa nje: huyu ana watoto, huyu anaburuta mzigo, huyu amesimama. Huyu amesimama kwa nini? Usiku wa baridi nilitoka jasho. Nilianza kuelewa makufuli matatu, nikaelewa hata bafuni gizani, na kuelewa huko kukanitia hofu zaidi, kwamba pengine mtu akishaingia humo hatoki tena, anazeeka humo.

Hanuka ikaingia katikati ya hali hiyo. Nilimsihi aiache mwaka huu.

"Mama, kukuna kutasikika. Mafuta yatanuka mpaka kwenye korido. Na taa!"

"Jengo zima linakaanga samaki, nani atanusa viazi?"

"Lakini Mama, unaogopa na wewe. Nakuona."

"Naogopa tangu sijaota meno. Ningekuwa nangoja woga uishe, nisingewahi kuisherehekea hata mara moja."

Basi kila jioni tulikuna viazi, polepole, kikunio nimekitandikia taulo kisigonge meza. Aliimba wimbo wa taa kwa kunong'ona. Mimi nilimgeuzia chapati huku sikio moja liko mlangoni.

Ijumaa ya wiki ile alikuwa na haraka, kwa sababu Sabato huanza jua likizama, na kuanzia hapo hawashi moto wala hapandi gari. Tulimaliza kukaanga mchana ungali na mwanga. Tukazifunika chapati kwa kitambaa, akawasha taa za Hanuka, kisha mishumaa miwili ya Sabato, akafunika macho kwa viganja akaomba. Alikuwa bado hajashusha mikono mlango ulipopigwa.

Haukuwa ubishaji wa mleta maji. Ulikuwa wa kiganja kizima, na sauti ya mwanamke ikifuata, kisha sauti tuliyoijua, ya mzee mlinzi wa jengo.

Nilimtazama Mkalimani. Macho yalikuwa wazi, ila hayakuwa yananiona. Mikono ilibaki hewani palepale ilipokuwa. Nikasikia kama maji yanadondoka, nikatazama chini, nikaona yanatiririka kutoka miguuni pake kwenye vigae, na kwa muda sikuelewa ni nini. Nilipoelewa, moyo wangu ulifanya kitu ambacho sikukitarajia. Uliacha kujihurumia. Mama huyu aliyenipokea, mtu wa heshima zake, wasimwone hivi. Nikalitwaa bakuli la maji ya viazi lililokuwa bado mezani, nikaliangusha miguuni pake. Maji yakatapakaa sakafu nzima, yakamlowesha sketi, vipande vya viazi vikamganda kwenye soksi.

"Pole, Mama, nimekumwagia!" nikasema kwa sauti ya watu kusikia.

Akanitazama. Akarudi ndani ya macho yake. "Bahati mbaya," akanong'ona.

Nikaondoa kiti, nikafungua makufuli mimi mwenyewe. Askari alikuwa dada mdogo mwenye miwani, mwenzake wa kiume amesimama nyuma, na yule mzee mlinzi ameshika funguo zake kifuani kama anaomba radhi. Dada akasema maneno. Nilijua neno moja tu, pasipoti.

Hapo nyuma yangu nikasikia sauti ya Mkalimani, ile ya Zhanxi, kavu, imenyooka. "Anauliza mnaishi wangapi humu na pasipoti zenu ziko wapi."

Ameloa mpaka magotini, meno yanagongana akinyamaza, lakini akitafsiri yalitulia. Nilieleza ukweli kuhusu wakala. Akaupeleka ulivyo. Yule dada akaandika, akasema twende kituoni.

"Wanasema mimi si lazima," Mkalimani akaniambia. "Watatafuta mtu wa simu akutafsirie."

"Baki, Mama. Ni Sabato. Kuna gari."

"Huyo mtu wa simu utamwelewa?"

"Nitajitahidi. Baki."

Alikuwa tayari anavaa koti. "Nafsi ya mtu inatangulia Sabato. Hilo tulifundishwa kabla ya kusoma."

Askari wa kiume akaonyesha taa mezani, haziwezi kuachwa zinawaka bila mtu. Sabato imeshaingia, Mkalimani hawezi kuzizima, wala hawezi kuniomba mimi nizizime. Tukasimama tukizitazama. Mzee mlinzi akadhani amepata namna ya kusaidia. Akainama, akavuta pumzi, akazipuliza zote mara moja kama mtu kwenye keki ya siku ya kuzaliwa, halafu akatabasamu na kumpigia Mkalimani makofi mawili matatu. Mkalimani alimwinamishia kichwa kwa adabu.

Ndani ya gari alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi kama samaki.

"Baba yangu walimpandisha gari," akasema. "Kwa ajili ya kitabu cha sala."

"Alirudi?"

"Alirudi. Ila hakuimba tena."

Kituoni tuliwekwa chumba chenye mwanga mweupe, tukaletewa maji ya moto kwenye vikombe vya karatasi. Maswali yalikuwa mengi, hayakuwa ya ukali. Lakini kuna moja lilikuja, na hata kabla hajalitafsiri niliona limemgusa. "Wanauliza kama mwenye nyumba alijua huna kibali wakati anakukaribisha."

Nilijua maana yake. Kumficha mgeni asiye na kibali lilikuwa kosa la kwake, si langu, na kibali chake mwenyewe kilikuwa kinahuishwa mwaka hadi mwaka. Nikajibu haraka, "Hapana. Hakujua. Nilimdanganya kwamba niko sawa. Mwambie hivyo, Mama. Mwambie neno kwa neno."

Aliweka kikombe chini. Kisha akamgeukia yule dada akasema. Nilitambua neno la "hapana" na neno la "hajui." Ameyafikisha. Nikashusha pumzi.

Halafu akaendelea. Sikuwahi kumsikia akiendelea. Mteja akimaliza, na yeye humaliza. Sasa alikuwa anasema mengine, polepole, mikono imeshikana mapajani, na yule dada akaacha kuandika akamtazama.

"Mama, unasema nini?"

Hakunijibu mpaka alipomaliza. "Nimewaambia hayo ya kwanza ni yako. Haya ya pili ni yangu. Nimesema nilijua."

"Kwa nini, Mama? Kwa nini!"

"Ulitaka nipeleke uongo, nimeupeleka. Sasa usinizuie na mimi kuongea."

Nililia mbele ya askari bila aibu. Yeye hakulia. Alikunywa maji yake ya moto. Kikombe kikamwagika kidogo, akakifuta kwa ukingo wa koti.

Walimpata wakala Jumatatu yake. Pasipoti yangu ilikuwa ofisini kwake pamoja na za watu wengine. Nililipa faini, nikapewa muda mfupi wa kuondoka nchini, nikaondoka. Mkalimani naye alitozwa faini na jina lake likaandikwa kwenye kumbukumbu za polisi. Lakini jioni ile ya Ijumaa walituachia tukalale nyumbani. Wakatuuliza kama tunataka kuitiwa teksi. Mkalimani akasema hatari imeshapita, kwa hiyo Sabato imerudi. Tukatembea. Migahawani watu walikuwa bado wanakula, na kila pikipiki ya polisi iliyopita alisimama, akaingoja ipotelee mbali, ndipo akaendelea. Sikumharakisha. Nyumbani hatukuwasha taa. Tulikula chapati za viazi zimepoa na kulainika, kwa mwanga uliopenya chini ya mlango kutoka korido.

Nilikaa Makambako kwa muda mrefu kabla ya kupata ujasiri wa kuomba viza tena. Niliporudi Guangzhou, namba yake ya zamani haikupatikana. Wanaume wa Kahama wakaniambia amehamia Xintang. Nikaenda. Nilimkuta kwenye chumba kimoja juu ya karakana ya jinzi. Cherehani za chini zilitikisa sakafu, na vumbi la buluu lilikuwa limekaa kwenye ukingo wa dirisha. Alikuwa amekonda. Masanduku mawili yalikuwa yamefungwa kamba karibu na kitanda.

"Unaenda wapi, Mama?"

"Mbale. Kibali hawajaongeza."

"Ni kwa ajili yangu?"

"Ni umri. Mtu akifika umri wangu hawamwongezei."

Sikumwamini, wala sikumbishia. Alikuwa ameshanipa kisu na beseni. Hanuka ingemkuta safarini, kwa hiyo alikuwa ameamua kukaanga mapema, na alikuwa na viazi vingi kuliko watu wawili wanavyoweza kula. Tukakaa kwenye vigoda tukimenya. Nilimweleza habari za nyumbani, za binti yangu Upendo aliyeingia kidato cha kwanza, za bei ya mbolea. Alicheka mahali pa kucheka. Kisha akawa anakuna tu, mpaka kiazi kikaisha na vidole vikagusa kikunio, wala hakusimama.

"Mama, vipi?"

"Naogopa kwenda kwetu." Aliongea akilitazama beseni. "Hapa nimezoea. Najua nani anabisha na saa ngapi. Kule walionijua wamekufa. Wajukuu wa dada yangu watanipokea uwanjani, nimewaona kwenye simu tu. Nyumba ya baba haina hata geti. Nitalala vipi, mwanangu?"

Nilitafuta neno la kumwambia. Kwetu tuna maneno mengi ya kufariji, ya kanisani na ya msibani, na nilikuwa nayajua yote. Nilisogeza kigoda changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikaushika mkono wake uliolowa maji ya viazi. Tulikaa hivyo. Chini yetu cherehani zilisimama, mafundi wakaitana kwenda kula, zikaanza tena.

Baadaye akautoa mkono wake, akachungulia beseni.

"Vinaanza kuwa vyeusi," akasema. "Washa jiko."

Nikawasha jiko.